Mshono mmoja ulionyooka unatosha

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kakamega. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiunganisha viraka vya vitenge kwa mkono, mabaki ninayopewa na mafundi sokoni, na nimemaliza mablanketi mawili ya mtoto. Sasa nataka kushona ya kitanda kikubwa, yale ya tabaka tatu, hapa nyumbani, labda hata niuze moja moja. Nimeweka kando shilingi 32,000. Jirani yangu anahamia kwao Vihiga na anauza cherehani yake nyeusi ya miguu kwa 12,000. Dukani nimeonyeshwa ya stima, ya plastiki, yenye skrini na mishono 200, kwa 31,000, na muuzaji anasema ile nyeusi imepitwa na wakati. Fundi mmoja naye ananiambia tabaka tatu haziwezi kushonwa bila mashine ya kiwandani, na anayo moja iliyotumika, 30,000. Dada yangu aliye Marekani amesema anaweza kuninunulia huko anitumie. Stima hapa hukatika mara kwa mara, naishi nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na goti langu la kulia huuma nikilitumia sana. Nichukue ipi?"

Mwalimu, asante kwa kueleza kila kitu. Ungeuliza tu "mashine gani nzuri" ningekupa jibu lisilokufaa. Mimi hutengeneza cherehani hapa Kisumu, na jioni, kazi za watu zikiisha, nashona viraka vyangu mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaogopa kutoa pesa uliyoiweka kidogo kidogo, upandishe mashine hadi ghorofa ya pili, halafu ugundue kwamba haiwezi kazi yenyewe. Una haki ya kuogopa, maana wawili waliokushauri wamekushauri wakiwa wamesimama mbele ya mashine wanazotaka kuziuza. Jirani yako hajakusifia yake hata kidogo, na ndiyo ninayotaka uitazame kwanza.

Kitu unachotaka kushona kina jina zuri la Kiswahili, mfarishi, ingawa huku kwetu wengi husema kwilti. Juu kuna uso wa viraka, katikati kuna wadingi, yaani tabaka laini la kujazia, au blanketi jepesi, chini kuna kitambaa cha mgongo, na vyote vitatu vinashikwa pamoja kwa mishono inayopita toka juu hadi chini. Ukiangalia vizuri utaona hizo ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha viraka, vitambaa viwili vyembamba, mshono mfupi baada ya mshono mfupi, mamia kwa mamia. Ya pili ni kushonea tabaka zote tatu, na hapo unasukuma mzigo mzima wa blanketi chini ya sindano. Kila kazi inataka kitu chake kwa mashine. Muuzaji na fundi wamezichanganya, ndiyo maana umechanganyikiwa.

Nianze na kuunganisha viraka, kwa sababu huko ndiko utakakotumia saa nyingi zaidi. Mshono wa viraka ni robo inchi kutoka ukingoni, milimita 6 na kidogo, na lazima iwe robo inchi kila mara. Ulipokuwa ukishona kwa mkono ulikuwa ukirekebisha bila kujua: kiraka kikizidi unakivuta kwa vidole, kikipungua unakilegeza. Mashine haikusamehe hivyo. Chukua mstari wa viraka 12, kila kimoja umekikata inchi 4 na nusu ili kikishashonwa kibaki inchi 4. Mstari mzima unatakiwa uwe inchi 48, nao una mishono 11. Mshono wako ukila milimita 1 ya ziada, unaila kwa kiraka cha kushoto na unaila tena kwa kile cha kulia, kwa hiyo kila mahali viraka viwili vinapokutana umepoteza milimita 2. Mara 11 ni milimita 22. Mstari wa chini yake una viraka vikubwa 6 vya inchi 8, kwa hiyo mishono ni 5 tu na umepoteza milimita 10. Ukiilaza sambamba, mmoja umezidi mwenzake kwa milimita 12, karibu nusu inchi. Hapo ndipo watu huvuta, hukunja, hulia, na kusema mashine ni mbaya.

Kwa hiyo mashine ya viraka naipima kwa jambo moja kabla ya mengine: je, inashona mstari ulionyooka, polepole, bila kuvuta kitambaa kushoto wala kulia? Mishono 200 haikusaidii hapo. Maua, mawimbi na matundu ya vifungo ya aina saba utayajaribu wiki ya kwanza kisha utarudi kwenye mstari ulionyooka, kama tulivyorudi sisi sote.

Tena mishono mingi ina gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Mashine inayoshona mawimbi lazima sindano yake isogee kushoto na kulia, kwa hiyo tundu la bamba lililo chini ya sindano limefanywa pana. Unapoanza kushona kwenye pembe ya kiraka kidogo, lile tundu pana linaimeza pembe, sindano inaisukuma chini, na uzi unajikusanya kama kiota. Cherehani nyeusi ya mshono mmoja ina tundu dogo la duara, sindano inapita na kitambaa kinabaki juu kimetulia. Kama tayari una mashine ya tundu pana si lazima uitupe: anza kushona kwenye kipande cha kitambaa kisicho na kazi, kisha ingiza kiraka chako nyuma yake bila kukata uzi. Kwa mashine nyingine unaweza pia kununua bamba la tundu moja. Lakini ni bora kujua.

Na kuhusu kupitwa na wakati, acha nikueleze mshono unavyofanyika, uone kama kuna kilichobadilika. Sindano inashuka na uzi wa juu. Ikianza kupanda, kama milimita 2 kutoka chini kabisa, uzi unalegea nyuma yake na kufanya kitanzi kidogo. Ndoana iliyo chini inapita wakati huohuo, inakinasa kitanzi, inakizungusha kuzunguka bobini, kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini, kisha kile kijiti kinachopanda na kushuka juu ya mashine kinavuta uzi na kukaza. Nyuzi mbili zimekumbatiana katikati ya kitambaa. Mmarekani Elias Howe alipewa hataza ya mshono wa namna hii mwaka 1846, na Isaac Singer ya mashine yake mwaka 1851. Ile nyeusi ya jirani hufanya hivyo, ile ya skrini hufanya hivyo, na ile ya kiwandani hufanya hivyo. Huko Marekani kwenyewe, kwenye washonaji wengi wa viraka kuliko kwetu, watu bado wanatafuta kwa bidii Singer 221, kimashine cheusi cha kilo 5 hivi kilichoanza kuuzwa mwaka 1933, kisicho na mshono mwingine ila ulionyooka. Wanakitafuta kwa sababu mstari wake ni safi.

Sasa lile la fundi, kwamba tabaka tatu zinataka nguvu za kiwandani. Namheshimu, pengine ameshona jinzi na mahema maisha yake yote. Lakini kitenge, wadingi nyembamba na kitenge kingine si mzigo kwa cherehani ya nyumbani. Pindo la suruali ya jinzi pale mishono inapokutana ni gumu zaidi, na cherehani nyeusi zimekuwa zikilipita kila siku katika kila soko la nchi hii. Sindano ikikwama kwenye mfarishi, mara nyingi ni kwa sababu imechakaa au ni nyembamba mno, au viraka vinne vimekutana na mishono yao yote imelazwa upande mmoja. Weka sindano namba 90/14, ibadilishe baada ya kama saa 8 za kushona, na pale penye kilima pasi mishono ikiwa imefunguliwa huku na huku. Fanya hivyo kabla ya kulaumu mota.

Tatizo halisi la tabaka tatu ni lingine, na nguvu hailiondoi. Chini ya mguu wa mashine, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, kuna yale meno yanayopanda na kurudi nyuma, ndiyo yanayovuta kitambaa. Yanashika tabaka la chini tu. Tabaka la juu linafuata kwa msuguano, huku mguu unalikandamiza na kulizuia. Vitambaa viwili vyembamba vinakubali kutembea pamoja. Ukiweka wadingi katikati, ya juu inateleza, inabaki nyuma, na ukifika mwisho wa mstari una mkunjo wa kitambaa uliojikusanya mbele ya mguu kama wimbi dogo ufukweni. Geuza mfarishi na utakuta mgongo nao umekunjamana. Mashine ya kiwandani ya kawaida, ile ya mshono ulionyooka ambayo fundi anakuuzia, ina meno ya chini tu vilevile, na tatizo hilo itakuletea kwa kasi kubwa zaidi.

Dawa yake ni mbili na zote ni rahisi. Kwanza, piga bandi. Tandaza mgongo sakafuni, uubandike kwa utepe pembe zote, weka wadingi, weka uso, kisha shika tabaka zote kwa mishono mirefu ya mkono au pini za usalama, kila upana wa kiganja. Wewe umeshona kwa mkono miaka miwili, hii haitakutisha. Pili, tafuta mguu unaotembea. Ni mguu mkubwa kiasi wenye meno yake kwa chini na mkono mdogo unaokaa juu ya skrubu ya sindano. Sindano ikipanda, meno ya huo mguu yanashika tabaka la juu na kulisogeza sawa na la chini. Cherehani nyingi nyeusi za nyumbani zina shina fupi la kufungia mguu, na miguu inayotembea ya shina fupi ndiyo inayopatikana zaidi. Pima kabla ya kununua, au chukua mguu wako wa kawaida uende nao dukani.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyekutajia, nalo ndilo linalowachosha watu kuliko yote: nafasi iliyo kati ya sindano na mwili wa mashine, upande wa kulia. Cherehani za nyumbani, nyeusi au za plastiki, nyingi zina sentimita 16 hadi 18 hapo. Mfarishi wa kitanda kikubwa una upana wa mita 2. Ukitaka kushona mstari wa katikati, nusu yake, mita 1 nzima, lazima ikunjwe mviringo na kupita katika hiyo nafasi. Ikiwa tabaka zako zimejaa hadi unene wa sentimita 1, hata ukizibana kwa nguvu utapata gogo la kipenyo cha sentimita 11. Gogo hilo linaingia, lakini mikono yako inabaki bila mahali pa kucheza. Mashine ya kiwandani ina kama sentimita 26, na hapa ndipo nakubali kwamba ina faida ya kweli.

Lakini itazame kwa ukamilifu. Mashine ya namna hiyo imetengenezwa kwenda hadi mishono 5,000 kwa dakika. Ukiweka urefu wa mshono milimita 2.5, hiyo ni sentimita 20 kwa sekunde moja. Ukishtuka kidogo tu, mguu ukakanyaga, umeshona upande mzima wa kiraka kabla hujapumua. Zile zenye mota mpya ya servo zinaweza kupunguzwa kasi, hazipigi kelele, na hazili stima ukiwa umeketi tu. Zile za mota ya zamani huzunguka na kuvuma muda wote swichi ikiwa imewashwa. Muulize fundi ni ipi, jibu lake linabadilisha bei kabisa. Meza yake ni kubwa na nzito, na majirani wa ghorofa ya kwanza wataisikia. Stima ikikatika imekufa. Na mguu wake hunyanyuliwa kwa kusukuma kibao kilicho chini ya meza kwa goti, goti la kulia. Mwalimu, kwa hilo la mwisho peke yake mimi nisingeichukua nikiwa wewe. Ungekuwa na chumba cha chini, stima ya uhakika na oda za kila wiki, ningekuambia vingine.

Ile ya skrini sitaisema vibaya yote. Ina mambo mazuri kwa viraka: unaweza kuiamuru isimame sindano ikiwa chini, unaweza kupunguza kasi yake ya juu kabisa, na nyingine zina kitufe cha kuanza na kusimama usihitaji pedali. Mtu ambaye miguu haimtumikii kabisa ningempeleka huko moja kwa moja. Kwako nahofia mambo mawili. La kwanza ni kadi ya umeme iliyo ndani. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kadi ndiyo inayoumia, na ikiungua, kipuri chake kinaweza kugharimu karibu nusu ya mashine, kama kipo. Nimefungua kadhaa zilizokufa hivyo, na nyingine sikuweza kuzifufua. La pili ni kwamba 31,000 karibu inamaliza mfuko wako. Utabaki na 1,000 tu, na humo utoe sindano, mguu unaotembea na wadingi ya mfarishi wa kwanza.

Sasa nyeusi ya miguu. Haihitaji stima. Inakwenda kwa kasi unayoitaka wewe, hata mshono mmoja mmoja ukifika pembeni. Sehemu zake ni chuma, vipuri vyake viko Kakamega, viko Kisumu, viko Nakuru, na mafundi wanaoijua wako kila mtaa. Udhaifu wake ni ile nafasi ndogo ya kulia, kwamba nyingine hazirudi nyuma, na goti lako. Kuhusu goti, usiamue kwa kufikiria. Mwombe jirani ukae ukanyage dakika 15. Weka miguu yote miwili juu ya kanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwingine, na ucheze kwa vifundo vya miguu, kisigino na vidole, badala ya kusukuma kwa paja. Wengi huumia kwa sababu kiti ni kifupi na magoti yamepanda juu. Jaribu na kiti kirefu zaidi. Ukimaliza, subiri hadi kesho yake usikilize goti linasema nini.

Likilalamika, bado nyeusi haijakufungia mlango. Kuna mota ndogo inayofungwa nyuma ya kichwa cha mashine, karibu na gurudumu, pamoja na pedali yake ya stima. Cherehani nyingi za aina hiyo zina mahali palipotengwa pa kuifunga. Fundi anaweza kukuachia ukanda wa ngozi wa miguu pembeni, stima ikikatika unarudisha ukanda na kuendelea. Nimefungia watu wengi namna hiyo, na kwa mazingira yetu sijui mpango bora kuliko huo. Dai plagi ya pini tatu na waya wa ardhi ufungwe kwenye chuma cha mashine, kwa sababu mashine ni chuma tupu na mikono yako iko juu yake.

Na ule mzigo wa mfarishi mkubwa katika nafasi ya sentimita 16? Usishone mfarishi mzima mara moja. Gawanya uso wako katika vipande vya inchi 15 au 20, kila kipande kiwe na wadingi yake na mgongo wake, ukishonee tabaka kikiwa kidogo na chepesi, kisha unganisha vipande vilivyokwisha kwa utepe mwembamba wa kitambaa mbele na nyuma. Ghorofa ya pili, chumba kidogo, meza moja: njia hii imeumbwa kwa ajili yako. Au shonea kwa mashine mistari michache tu na ujaze nafasi zilizobaki kwa mkono, mishono mikubwa ya uzi mnene, kazi ambayo tayari unaijua. Nimeona mifarishi ya vitenge iliyoshonewa hivyo, na ule uzi wa mkono ndio mnunuzi anaoushika kwanza. Popote utakaposhona kwa mashine, sukuma meza nyingine ikae upande wa kushoto na nyuma. Blanketi likining'inia, uzito wake unavuta sindano na mstari unapinda, na utadhani ni mashine.

Dada yako wa Marekani mshukuru, lakini mwambie asitume mashine. Stima ya huko ni volti 120, yetu ni 240. Mama mmoja aliniletea mashine nzuri sana aliyotumiwa na mwanawe, aliichomeka ukutani siku ileile ilipofika, na nilichopokea mimi ni harufu ya mota iliyoungua. Transfoma ya kushusha volti ipo, ila ni kitu kingine cha kununua, cha kubeba, na cha kusahau siku moja. Badala yake mwombe vitu vyepesi ambavyo huku ni vigumu kupata au ni ghali: mguu unaotembea wa shina fupi, mguu wa robo inchi, kile kisu cha gurudumu cha kukatia viraka pamoja na rula yake ya plastiki, na pakiti kadhaa za sindano za nyumbani zenye upande bapa. Vyote vinaingia katika kona ya sanduku la mgeni anayekuja likizo.

Kwa hiyo jibu langu ni nyeusi ya jirani, lakini baada ya kuijaribu. Nenda kwake mchana, penye mwanga. Zungusha gurudumu kwa mkono bila uzi. Lizunguke laini, bila kugonga wala kukwama mahali pamoja. Shika kile chuma kinachobeba sindano ukitikise mbele na nyuma. Kikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, mashine imelika. Inamisha kichwa utazame chini: vumbi la pamba na mafuta yaliyoganda husafishika, kutu iliyokula ndoana haisafishiki. Uliza imekuwa ikitiwa mafuta gani. Kama ni ya kupikia, na huku kwetu hilo ni la kawaida mno, yamegeuka gundi na mashine itahitaji kuoshwa yote kabla ya kutiwa mafuta mepesi ya cherehani.

Kisha ufanye jaribio ambalo mwalimu ana vifaa vyake tayari. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, weka sindano ya zamani isiyo na uzi, na ushone juu ya mstari mmoja ukiongoza kwa wepesi tu. Tazama matundu. Yakifuata mstari, meno yanavuta sawa. Yakikimbilia upande mmoja kila ukirudia, meno yamelika au mguu umepinda. Baada ya hapo weka sindano mpya, uzi mwekundu juu na mweupe chini, ushone kitenge tabaka mbili, halafu tabaka mbili na kipande cha blanketi katikati. Uzi mweupe usionekane juu, mwekundu usionekane chini. Ukiona kidogo, ni kukaza tu, kunarekebishika kwa dakika moja. Ukiona mishono inarukwa hata kwa sindano mpya, muda wa ndoana na sindano umeachana, na hapo usimlipe jirani hadi fundi aione.

Jaribio la mwisho ni la robo inchi, na utalifanya kwa kila mashine utakayowahi kuigusa. Kata vipande vitatu vya kitenge, kila kimoja inchi 1 na nusu kwa upana. Viunganishe ubavu kwa ubavu, pasi, kisha pima cha katikati. Kiwe inchi 1 kamili, na vyote vitatu pamoja viwe inchi 3 na nusu. Kikipungua, mshono wako ni mnene. Usogeze karibu na ukingo kwa unene wa uzi mmoja, kwa sababu mkunjo wa kitambaa nao unakula kidogo. Ukishapata mahali sahihi, bandika kipande cha utepe juu ya bamba pale ukingo wa kitambaa unapopita, na usikiondoe. Fua vitenge vyako kabla ya kuvikata. Vipya vina wanga mwingi na vingine hurudi, na robo inchi yako nzuri itapotea siku ya kwanza ya kufua.

Kama nyeusi hiyo imeshindwa majaribio, au goti limekataa na mota haikuvutii, rudi dukani lakini usiangalie ile ya skrini. Omba ya stima ya vitufe vya kuzungusha, mishono michache, yenye fremu ya chuma ndani, inayokubali miguu ya shina fupi na inayoweza kushusha meno. Muuzaji akikataa usijaribu kwa viraka vyako mwenyewe, ondoka.

Kuna mambo usiyajaribu peke yako. Mashine yenye mota ikikupiga shoti hata kidogo, chomoa na usiiguse tena hadi fundi wa stima aikague. Sindano ikigonga chuma kila inaposhuka, acha kuzungusha, kwa sababu kila mgongano unachonga ndoana, na ndoana ndiyo moyo wa cherehani. Ipeleke kwa fundi wa mashine. Na goti likivimba, likijifunga au likikuachia ukiwa unashuka ngazi, hilo si jambo la kiti kirefu wala mota. Nenda hospitali likaguliwe kabla hujaanza mfarishi wa kwanza, na umwambie daktari wazi kwamba unataka kukanyaga cherehani kwa muda wa saa mbili kila jioni, ili akushauri kwa kazi unayoifanya kweli.

Ukija Kisumu Jumapili kutafuta mabaki katika soko la Kibuye, beba ile karatasi ya daftari yenye matundu na vile vipande vitatu. Fundi yeyote wa cherehani anayeijua kazi yake akiviona atajua ugonjwa wa mashine yako kabla hujafungua mdomo.